Wimbo wa Mwisho kwenye Ukuni Mbichi

Wimbo anaoupenda mume wangu kuliko nyimbo zote za Nargisi haukuimbwa na Nargisi. Uliimbwa na mwanamke wa Jibondo, kisiwa kidogo pembeni ya Mafia, anayeitwa Mize, mkulima wa mwani, na mimi nimekaa kwenye mkeka wake, nimekunywa chai yake na kula pweza wake. Ana sauti nzuri. Naliandika hilo mapema ili msije mkasema nimelificha.

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa naiandika safari yote kwa mpangilio wake, muisome mkiwa pamoja, maana mmeanza kusimuliana vipande na kuvishona vibaya.

Mnakumbuka ilivyoanza. Nargisi alitangaza kwamba anaacha jukwaa, na kwenye onyesho la kuaga ataimba albamu moja tu, mwanzo hadi mwisho, ile watakayoichagua mashabiki. Sisi tuliozeeka naye tukakubaliana kupeleka chaguo moja la mtaa. Mama Zai alitaka *Mgeni wa Jumanne*, Bi Khadija akasema kama si *Sina Haraka* yeye hana haja ya kwenda. Tulibishana kibarazani kwangu mpaka sahani ya kashata ikaisha, na *Sina Haraka* ikashinda. Ndipo mume wangu, Baba Rehema, aliyekuwa akipita na taulo begani, akasema bila kusimama, "Kama si *Ukuni Mbichi*, jina langu msilitie."

Mlicheka nyote. *Ukuni Mbichi* Nargisi aliitoa akiumwa koo. Ni fupi, na hata mwenyewe haizungumzii.

"Mnacheka kwa sababu mmeusahau ule wa mwisho," akasema, akaingia bafuni, na huko ndani akaimba ubeti ambao nimeusikia kila anaponyoa ndevu tangu anioe:

*Yule wa mwisho kushuka*
*ndiye wa kwanza kucheka,*
*mwambieni akifika*
*kikombe nimekiweka.*

Miaka yote nilidhani ni wimbo wa kwao Mafia, wa utotoni, na kwamba anaupenda kwa sababu unafanana naye. Kwenye basi yeye huwaachia watu wote washuke kwanza, nami humngoja stendi na mizigo. Na hadithi yoyote yeye huicheka kabla haijafika mwisho. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nikamsikia akisema ni wa Nargisi. Sasa, hakuna wimbo wa Nargisi nisioujua. *Ukuni Mbichi* naijua mpaka anapokohoa. Wimbo huo haumo.

Ninyi mlirudi kwenye kashata. Mimi nikabaki najiuliza ni mwanamke gani aliyemwimbia mume wangu mpaka akamchanganya na Nargisi.

Wiki ile ile wifi yangu wa Kilindoni kule Mafia, dada yake Baba Rehema, akateleza kisimani akavunjika mkono. Baba Rehema hakuweza kuacha kazi. Nikasema nitakwenda mimi, na nilisema haraka kuliko mkono wenyewe ulivyostahili.

Mbagala hadi Nyamisati

Basi liliondoka kwa kuchelewa kwa sababu ya mlango. Mama mmoja wa Bweni, kule ncha ya kaskazini ya Mafia, alikuwa amenunua mlango wa mninga mjini, na ilibidi upandishwe juu na ufungwe kwa kamba alizozikagua mwenyewe. Jina lake Bi Fatuma. Alikaa pembeni yangu, na kila tuliposimama alitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Upo?" Utingo akajibu, "Upo, mama, tena umelala."

Kimanzichana tulisimama muda mrefu. Dereva alishuka kununua mihogo, akakutana na shemeji yake. Bi Fatuma akanikatia andazi. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia kwa wifi, nina mgonjwa. Akaniangalia kanga, akaniangalia viatu.

"Na mume kakuacha uje peke yako?"

"Ana kazi."

"Haya. Wangu nilipomwambia naja mjini kununua mlango, kanipa vipimo vya mlango na vya siku za kukaa."

Nilicheka, lakini nikaona wivu. Mwanamume wa Bweni anamhesabia mkewe siku, na wangu kanifungia begi mwenyewe akiimba.

Nyamisati hadi Kilindoni

Nyamisati tulikuta maji yamekupwa. Boti ilikuwa imekaa kwenye tope kati ya mikoko, imeinama upande mmoja, na nahodha alikuwa amelala ndani yake kwa amani kabisa. Hakuna wa kumwamsha, maana hata akiamka maji hayamsikilizi.

Tukakaa kwa mama lishe. Nikaomba wali na samaki. Akasema samaki wa leo bado wako majini, nikubali kamba. Nikakubali. Alileta kamba waliopikwa kwa tui zito na embe mbichi, na ningeandika ukurasa mzima juu ya kamba wale kama nisingekuwa na jambo lingine moyoni.

Maji yalipojaa tukapanda, mlango ukapanda, tukatoka mtoni kuingia bahari wazi. Boti ilianza kurukaruka na watu wakanyamaza. Bi Fatuma akasema dawa ya mawimbi ni mdomo usikae bure, akauliza nani anajua wimbo. Nikaona hapa ndipo. Nikamwuliza kama mtu anayeuliza bei ya nazi: katika albamu zote za Nargisi, yeye anaipenda ipi?

"*Ukuni Mbichi*," akasema.

"*Ukuni Mbichi*," akasema mzee aliyekaa juu ya gunia la unga.

"Ipo nyingine?" akauliza kijana wa injini.

Nikauliza kwa nini hiyo. Wakanitazama kama nimeuliza kwa nini chumvi. "Si kwa ule wa mwisho," akasema Bi Fatuma, akauanza. Nusu ya boti ikampokea. Ni wimbo wa kuwasuta waleta maji, vijana waliokuwa wakipeleka madumu na mapipa kwenye kisiwa kisicho na maji. Unawapitia mmoja mmoja: mwenye tumbo linalotangulia ufukweni, mwenye kuogopa wimbi, mwenye kumwaga nusu njiani na kusingizia pepo. Na mahadhi yalikuwa ndiyo yale yale ya bafuni kwangu.

Nilishusha pumzi. Nilikuja na shaka juu ya mwanamke mmoja, kumbe ni kisiwa kizima. Kisha katikati ya mstari, boti yote ikanyamaza kwa pamoja, kama iliyokatwa kwa kisu.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu basi. Unaishia hapo."

"Na ule ubeti wa kikombe?"

"Kikombe gani?" akasema Bi Fatuma. Akamgeukia mzee wa gunia. "Kuna kikombe, mzee?"

"Hakuna kikombe," akasema mzee. "Nina kaseti yake tangu kijana. Hakuna."

Pumzi niliyoishusha nikaipandisha tena.

Kilindoni

Wifi alinipokea mkono ukiwa umefungwa na kitambaa shingoni, na mdomo ukiwa mzima. Alinikalisha kwenye mbuzi nikune nazi, akasimama nyuma yangu akikosoa. "Usifike kwenye gamba, wifi. Mjini mnakuna mpaka kifuu kinalia." Tulikula wali na samaki changu wa kupaka, na nilipokuwa naosha vyombo nikamwuliza kuhusu *Ukuni Mbichi*.

"Kwa Akbar dukani," akasema. "Baba yake ndiye aliyekuwa akitunakilia kaseti sote. Hakukuwa na pengine."

Asubuhi nikaenda. Bwana Akbar ni Mhindi wa pale pale Kilindoni, babu zake wamezikwa huko. Anauza vitambaa, misumari na betri. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kiti. Nilipotaja kaseti akaacha kupima kitambaa cha mteja.

"Sasa hivi vijana wanataka nyimbo kwenye kadi za simu," akasema. "Lakini baba aliziacha, sikuzitupa." Akatoa *Ukuni Mbichi* kutoka chini ya kaunta na kuitia kwenye redio ya dukani, upande wa pili, akaisogeza mbele. Nargisi akamaliza wimbo wake wa mwisho, ule ninaoujua, akakohoa. Kikafuata kimya kifupi, kisha vigelegele, kisha mwanamke akaanza kuwasuta waleta maji. Sauti ilikuwa na ukwaruzo kama wa Nargisi, lakini ilikuwa changa na haikuwa inaumwa. Iliimba mpaka pale pale boti ilipokomea. Kisha redio ikakata: *tak*. Utepe umeisha.

"Huyu si Nargisi," nikasema.

Bwana Akbar akatazama mlangoni kama kuna mtu atasikia. "Mama, wewe ni wa kwanza kuniambia hivyo ndani ya duka hili."

Akanieleza. Albamu ilikuwa fupi na kaseti tupu zilikuwa ndefu. Watu walikuwa wakirudi dukani kulalamika: nusu saa ya kaseti yangu ni kimya, mzee, umeninyima. Baba yake alijaribu kuwaambia ndivyo albamu ilivyo, hawakumwamini. Basi akachukua kaseti ya harusi ya Jibondo aliyokuwa ameletewa kuinakili, akajazia nafasi iliyobaki kwa kiasi kilichotosha. Hakuandika kitu. Watu wakafurahi. Wakaitoa kwa ndugu zao, ndugu wakainakili, ikafika Bweni, ikafika Kirongwe.

"Na kaseti yenyewe ya harusi?"

"Ilirudishwa kwa wenyewe. Mwimbaji ni Mize, binti wa fundi mmoja wa majahazi. Yuko Jibondo bado. Yeye hadai, anacheka tu."

Niliporudi nyumbani nikamkuta wifi anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nikamsimulia. Aliendelea kuchambua.

"Wifi," nikasema, "kaka yako aliwahi kufanya kazi gani kabla hajaja mjini?"

"Kazi za vijana."

"Zipi?"

"Si anakwambia mwenyewe? Majini, majini."

"Kufanya nini majini?"

Akapuliza makapi. "Kupeleka maji Jibondo," akasema. Kisha akaanza kulalamikia mkono, na mkono ule ukauma mpaka jioni.

Utende hadi Jibondo

Nilipanda gari hadi Utende, na pale nikapata mashua iliyokuwa inarudi Jibondo na mapipa ya maji. Ndiyo, bado yanapelekwa. Nilikaa kati ya mapipa mawili nikiwatazama vijana walivyokuwa wakitaniana, mmoja kashika usukani kwa mguu, na nikamtafuta mume wangu katika kila mmoja wao. Niliwaonea wivu kwa umri wao. Nikamwonea wivu pia mwanamke asiyejulikana aliyekuwa ufukweni akiwangoja.

Jibondo nikakosea. Mnajua ninavyouliza: nani, lini, wapi, na nani mwingine alikuwepo. Nilianza pale pale ufukweni, kwa kina mama waliokuwa wakianika mwani. Mize anaishi wapi? Anafanya kazi saa ngapi? Ndugu zake ni nani? Hawajui. Hawajui. Hawamjui. Mmoja akaziingiza nyavu ndani taratibu kama anayeondoa nguo kwenye kamba. Kisha mama mnene akaniuliza, kwa heshima kubwa, "Bibi umetoka hifadhi ya bahari?"

"Hapana, nimetoka Mbagala."

"Maana watu wa hifadhi huanza hivyo hivyo. Wanauliza vizuri. Kisha wanauliza tundu la wavu lina ukubwa gani."

Nikamwambia sina habari na wavu wa mtu, mimi ni mke wa mtu wa Kilindoni, na nimekuja kwa ajili ya wimbo. Kisha mama mnene akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wimbo upi?"

"Wa waleta maji."

"Basi umeshafika," akasema. "Mize ni mimi."

Jibondo

Nilikuwa nimemtengeneza kichwani tangu Mbagala. Nilimtengeneza mwembamba, macho makubwa, kimya. Huyu alikuwa na mabega ya kubeba mwani, meno mawili hayapo, na hanyamazi. Nikaona nafuu, na nikaona aibu kwa nafuu hiyo. Kisha akapiga kelele kumwita jirani kwa kiberiti, na ile kelele tu ilikuwa na muziki ndani yake, nafuu ikaniondoka.

Alichemsha chai. Nilijua maji yale yametoka kwenye pipa nililokaa nalo, nikamwambia asijisumbue. "Wewe ndiye uliyeyaleta," akasema. Akachoma pweza, akaupasua mkate wa kumimina. Nikala. Nilitaka usiwe mtamu.

Nikamwuliza kama anajua kwamba Mafia nzima inamwita Nargisi.

"Najua. Mwanangu aliniletea redio, akasema mama, sikiliza huyu Nargisi. Nikamwambia mkalishe chini Nargisi wako, amechoka, ametoka shambani." Akacheka. "Kwangu ni sifa. Ila walinikata."

"Kivipi?"

"Kaseti iliisha. Nilikuwa sijamaliza. Ubeti wa mwisho wanaujua waliokuwepo uani tu, na mule walikuwemo wanawake watupu, tena wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki."

"Wanaume walikuwa wapi?"

"Nje ya ua, wanangoja biriani."

Nikamwomba auimbe. Alifuta mikono kwenye kanga, akaanza tangu mwanzo, bila ngoma, akipiga kofi dogo gotini. Alimpita mwenye tumbo, akampita mwoga wa mawimbi. Alifika mahali kaseti inapokata, na mimi masikio yangu yalikuwa yamekwisha jiandaa kwa ile *tak*. Hakukata. Akaendelea:

*Yule wa mwisho kushuka*
*ndiye wa kwanza kucheka…*

Niliumaliza pamoja naye. Midomo ilikwenda yenyewe. Alipofika kwenye kikombe alikuwa ameacha kupiga kofi, na ananiangalia.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Mume wangu anauimba akinyoa ndevu."

"Mume wako nani?"

Nikamtajia jina, jina la baba, mtaa wa Kilindoni, na kwamba alikuwa mleta maji, kama wifi alivyoniambia. Nilikuwa natazama uso wake kama ninavyotazama uji usifurike. Hakuna kilichofurika.

"Simkumbuki," akasema. "Waleta maji walikuwa wengi, dada. Walikuja, walishuka, walikwenda."

"Lakini huyu ni wa mwisho kushuka. Mpaka leo. Na anacheka kabla ya wenzake."

"Nilikuwa natafuta vina tu. Kushuka, kucheka, kufika. Ukitafuta vina hukosi mtu ambaye vinamfaa."

"Na kikombe?"

"Nacho ni kina," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Sikujua nikasirike wapi. Kama anamkumbuka na ananificha, basi kuna jambo. Kama hamkumbuki kweli, basi mume wangu alisimama nje ya ua wa watu, akaushika ubeti ule kupitia makuti, akauchukua hadi Mbagala, akauimba miaka yote ya ndoa yetu kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hakumwona. Nilikuja na wivu wa aina moja. Nikajikuta na wa pili, wa kumwonea uchungu mume wangu kwamba amesahauliwa, na huo sikuwa nimeufungia begi.

Alinisindikiza ufukweni, akanipa pweza mkavu kwenye mfuko. Mashua ilipokuwa inasukumwa majini akasema, "Nisalimie nyumbani."

"Nani nyumbani?"

"Wote," akasema. Kisha, mashua ikiwa imeshaelea, akaniita. "Hivi bado mnamngoja stendi?"

Nimeirudia kichwani mara nyingi habari ile ya ufukweni. Nilimwambia kwamba ni wa mwisho kushuka. Stendi sikuitaja, nadhani. Nadhani.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi na sina la kusema, ila kwamba nilisikia kwa watu wa bandarini kuwa mlango wa Bi Fatuma ulifika Bweni salama, na ukakutwa mfupi.

Wifi aliapa mbele yangu, mkono mzima juu ya msahafu, kwamba hatampigia kaka yake simu kumwambia nilifika Jibondo. Bwana Akbar simu ya mume wangu hana. Mimi nyumbani nilisema nilikaa Kilindoni nikikuna nazi. Pweza nikamgawia Mama Zai, na yeye anajua kunyamaza.

Kaseti niliinunua kwa Bwana Akbar. Juzi, mlipokuwa mmekaa kibarazani mkingoja jibu langu kuhusu jina la Baba Rehema, mimi niliiweka ndani, upande wa pili, yeye akiwa na povu shavuni. Nargisi akamaliza, akakohoa. Vigelegele. Mize akaanza. Nilimwona kwenye kioo akitabasamu, akiufuata kwa midomo, kwa mwenye tumbo, kwa mwoga wa mawimbi. Nikasimama mlangoni na kanga yangu mkononi nikisubiri. Redio ikakata: *tak*.

Hakuendelea. Aliosha wembe, akaufuta, akaniuliza kama chai iko tayari.

Leo ni siku ya kupeleka chaguo letu, na Bi Khadija ameniuliza tena kama jina la Baba Rehema liingie kwenye *Sina Haraka* au liachwe. Nimemwambia aache nafasi. Wifi anaapa bado kwamba hakupiga simu. Lakini tangu nirudi kutoka Mafia mume wangu ananyoa ndevu kila asubuhi, na ubeti ule wa mwisho hajauimba.